Samaki wakifa mtoni, ushahidi hufa nao: wavuvi wa Mto Mara tujilinde vipi na uchafuzi wa migodi?

#1 Mwanamigono

Salaam wanajukwaa. Nimekulia ukingoni mwa Mto Mara, upande wa chini karibu na daraja la Kirumi, ambako baba yangu alitega migono kando ya mafunjo kwa zaidi ya miaka thelathini. Masika yalipoanza alisubiri ningu wanaopanda mto kutoka ziwani kwenda kutaga, na kiangazi alikamata kambare na kamongo kwenye madimbwi ya tope. Kwa kazi hiyo tulilishwa na kusomeshwa.

Machi 2022 maji ya upande wetu yalibadilika rangi na kuwa meusi, yakatoa harufu, na samaki wakaelea. Serikali ilizuia matumizi ya maji na uvuvi, ikaunda kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele, na kamati ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza oksijeni majini. Wengi wetu hatukuridhika, kwa sababu mtoni humo huingia maji ya Mto Tigithe, unaopita jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu, na vijito vinavyopita kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, ya wachenjuaji wadogo.

Sikuanzisha uzi huu ili turudie ubishi wa nani aliua samaki. Dai langu ni kwamba tunashindwa kila mara kwa sababu hakuna anayepima maji kabla samaki hawajafa. Sampuli zinapochukuliwa, maji yenye kosa yameshafika ziwani. Katika mto wenye urefu wa takriban kilomita 500, wavuvi ndio watu pekee walio majini kila siku. Je, tunaweza kuwa walinzi wa kwanza wa uvuvi wetu, na tuanzie wapi?

#2 Hesabu Kwanza

Ahsante kwa mada. Rekebisho dogo: Mto Mara una urefu wa takriban kilomita 395, kuanzia milima ya Mau nchini Kenya hadi Ziwa Victoria upande wa Musoma, na karibu theluthi mbili ya bonde lake liko Kenya. Nalisema mapema kwa sababu kila jambo tutakalolijadili hapa lina upande wa juu ambao mamlaka zetu hazifiki.

#3 Kijana wa Tarime

Mkuu namba 1, umesema hutaki kurudia ubishi wa nani, lakini huwezi kujilinda na kitu usichokitaja. Mei 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja na kuingia Tigithe. Kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi wa North Mara wakati ule ilikiri kuvuja, ikaeleza kwamba watu walikuwa wameiba karatasi za plastiki zilizotandikwa kuzuia maji. Wanavijiji walilalamikia samaki, mifugo na ngozi zao. Kisha NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakautoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu (matope ya taka za mgodi), nadhani ilikuwa mwaka huohuo wa 2009. Kwa historia hiyo, mwananchi anayeona maji meusi na kuuelekezea mgodi kidole hawezi kuitwa mzushi.

#4 Hesabu Kwanza

Kijana wa Tarime, faini ya bilioni 5.6 ilikuwa Mei 2019, miaka kumi baada ya tukio la Tigithe. Julai mwaka huo NEMC walipiga marufuku matumizi ya bwawa lile la topesumu, na marufuku ikaondolewa Septemba baada ya kampuni ya Barrick kuichukua yote Acacia, iliyokuwa ikiumiliki mgodi. Tusiyachanganye, maana mtu akitaka kuudharau uzi huu ataanzia hapohapo.

#5 Kijana wa Tarime

Nimekubali, ni 2019. Wewe Hesabu ukialikwa harusini utauliza mahari ilihesabiwa na nani, lakini kwa hili nakushukuru. Hoja yangu imebaki palepale: historia ipo, tena iko kwenye kumbukumbu za serikali yenyewe.

#6 Bonde la Juu

Nimefanya kazi ya kupima maji sehemu za juu za mto huu, kwa hiyo niruhusuni niseme jambo ambalo halitawapendeza wengi. Mto Mara huweza kuua samaki bila msaada wa mgodi wowote. Viboko wanaoishi kwenye mabwawa ya Maasai Mara na Serengeti hula majani nchi kavu usiku na kumwaga kinyesi majini mchana. Kiangazi kinyesi hujaa chini ya bwawa, oksijeni huisha, na mvua kubwa ya kwanza husomba uchafu huo wote kwa mkupuo mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mikupuo hiyo hushusha oksijeni ya mto hadi samaki wakafa. Ongezeni nyumbu: kwa wastani zaidi ya nyumbu 6,000 huzama kila mwaka wakati wa kuvuka, na mizoga yao huozea mtoni.

Kwa hiyo kamati iliposema oksijeni iliisha, haikusema jambo lisilowezekana. Swali ni kitu gani kilichoimaliza, na kwa nini mahali pale, mwaka ule.

#7 Mfugaji wa Rorya

Hapo pa mwisho ndipo penye kazi. Ng'ombe wamekunywa maji ya Mara tangu kabla mimi na baba yangu hatujazaliwa. Kila kiangazi tunashusha mifugo kwenye mbuga za tindiga kwa sababu ndiko kuliko na majani mabichi. Kama kinyesi chao kinaua samaki wa mto mzima, kwa nini hakikuua mwaka juzi wala mwaka wa jana yake? Ninaheshimu wasomi, lakini maelezo yanayofaa kwa kila mwaka hayawezi kueleza mwaka mmoja.

Kuhusu viboko, kiboko wa Serengeti yuko mbali na Kirumi, na katikati kuna tindiga pana la mafunjo linalochuja maji. Uchafu wake ungefikaje kwetu ukiwa bado na nguvu ya kuua?

#8 Bonde la Juu

Ni pingamizi la haki, nami sidai kwamba viboko ndio walioua samaki wa Kirumi. Nilitaka tu tukubaliane kwamba kukosekana kwa oksijeni kunatosha kuua. Kuhusu mwaka ule, naongeza dhana moja: Ziwa Victoria lilipanda mwaka 2020 hadi kiwango cha rekodi, likazamisha eneo kubwa la mimea kwenye mdomo wa mto. Mimea iliyozamishwa huoza polepole. Maji yakipungua kwa ukame halafu mvua ikaja ghafla, uozo wa miaka miwili unaweza kutikiswa kwa siku chache. Hiyo ni dhana, sikuipima.

#9 Mama Kamongo

Mimi nakaanga na kuuza samaki mnadani, na naomba wanaume mniongezee jambo moja kwenye hesabu zenu. Mwaka ule wateja hawakuuliza samaki ametoka mtoni au ziwani. Walikataa samaki wote. Niliyekuwa nanunua sato kutoka mwalo wa mbali, ambako hakuna maji meusi, nilirudi nao nyumbani. Kwa hiyo kutangaza tu kwamba mto una sumu hakumlindi mvuvi. Tangazo lisilo na kipimo linamwua mara ya pili.

Pia nina swali kwa wanaojua: kambare na kamongo wakifa, bado tunaweza kusema ni oksijeni? Baba yangu alikuwa akifukua kamongo kwenye udongo uliokauka, na alikuwa hai.

#10 Fundi Maabara

Mama Kamongo ameuliza swali ambalo ningependa kila ofisa anayefika eneo la tukio aanze nalo. Kamongo hupumua hewa kwa mapafu, na kambare ana kiungo cha kupumulia hewa karibu na matamvua. Maji yakikosa oksijeni, wanaotangulia kufa ni sangara, sato, ningu, kuyu na furu, na kabla ya kufa huonekana wakihema juu ya maji, hasa alfajiri. Kamongo na kambare wakiwa wengi miongoni mwa mizoga, kuna sababu ya kuishuku sumu, ingawa si uthibitisho, kwa kuwa na wao huweza kuzidiwa. Orodha ya aina za samaki waliokufa, pamoja na saa waliyoonekana kwa mara ya kwanza, ni ushahidi usiohitaji maabara, na mvuvi anaweza kuuandika kwa kalamu.

Sasa kuhusu sampuli. Sianidi inayotumika kuyeyusha dhahabu haikai majini muda mrefu. Jua huivunja, na uchachu wa maji ukiwa wa kawaida, sehemu yake hugeuka gesi na kupotea hewani. Kiasi cha miligramu 0.2 kwa lita kinaua aina nyingi za samaki kwa haraka, na baada ya siku chache unaweza usiikute kabisa. Sampuli ya sianidi lazima iongezewe magadi makali palepale mtoni, iwekwe kwenye baridi na gizani. Sampuli ya metali inahitaji asidi, na chupa yake iwe nyingine. Ukijaza maji kwenye chupa ya soda ukayaweka juani kwenye pikipiki, jibu la maabara litakuwa safi hata kama mto ulikuwa mchafu.

#11 Mwanamigono

Fundi, umenifafanulia jambo lililonisumbua kwa miaka. Kuna wakati mimi na wenzangu wawili tulipeleka maji kwenye ofisi moja ya umma, kwenye chupa za maji ya kunywa, baada ya samaki kufa kwenye kijito kidogo. Tulikaa benchi mchana kutwa, na baada ya wiki kadhaa tukaambiwa hakuna kilichoonekana. Tulirudi tukiamini tumedanganywa. Leo naona kwamba huenda hawakutudanganya, ila pia hakuna aliyetueleza kwamba chupa zile hazikuwa na thamani yoyote.

Kwa orodha ya aina za samaki: siku ile nakumbuka kuyu na domodomo. Kambare sikumwona. Sikuandika, kwa hiyo siwezi kuapa.

#12 Mchenjuaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya karasha (mashine ya kusaga mwamba) na mwalo kwa miaka kumi na minne, na nimeiacha kwa sababu ya afya. Nitasema ninayoyajua bila kumtaja mtu.

Mwamba ukishasagwa, unapitishwa kwenye mbao zilizotandikwa magunia ili dhahabu inase. Kinachobaki kwenye gunia ndicho kinachochanganywa na zebaki, kwa kawaida gramu moja hadi mbili za zebaki kwa kila gramu ya dhahabu. Kisha mchanganyiko unachomwa, mara nyingi kwenye jiko la wazi, na zebaki inaruka hewani. Mchanga uliobaki tunauita marudio, na haya ndiyo ninayotaka myasikie. Marudio yana zebaki ndani yake na bado yana dhahabu, kwa hiyo yanauzwa kwa wenye matangi ya sianidi, wanaoyaloweka upya. Sianidi haichagui. Inayeyusha dhahabu na inayeyusha pia zebaki, nayo zebaki iliyokuwa imetulia chini ya mchanga inakuwa na uwezo wa kusafiri na maji. Tangi likipasuka au mvua ikifurika juu ya marudio, kijito kinapokea vyote viwili.

Watu wanautazama mgodi mkubwa kwa sababu una uzio na jina. Sisi wadogo tuko wengi, hatuna bwawa la topesumu wala mtu wa mazingira, na mashimo yetu yako hatua chache kutoka majini. Sisemi hivyo kuutetea mgodi mkubwa. Nasema mvuvi ana majirani wawili, na mmoja wao ni shemeji yake.

#13 Nyatike

Hamjambo kutoka Migori, Kenya. Aliyosema Mchenjuaji Mstaafu ndiyo hali yetu pia. Huku Macalder kulikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, na marudio yake yaliachwa yamelundikana. Wachimbaji wadogo wameyarudia miaka nenda rudi, na wanawake wengi wanaosafisha mchanga hushika zebaki kwa mikono mitupu. Mto Migori unaingia Mto Kuja, nao Kuja unaingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo mnapozungumzia samaki wa upande wa Musoma na Rorya, mjue kwamba sisi pia tunamwaga kwenye sufuria hiyohiyo.

Nina jambo la lugha ambalo limekuwa likinishangaza nikija Tanzania. Mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, na mwalo pia ni pale dhahabu inapooshwa. Neno moja kwa kazi mbili, na moja inaila nyingine.

#14 Hesabu Kwanza

Naomba nipingane kidogo kuhusu zebaki kwenye samaki. Utafiti wa miaka ya 1990 katika maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria ulikuta kwamba samaki wengi wa ziwani walikuwa na zebaki kidogo, chini sana ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo ambacho hutumiwa mara nyingi kama ukomo. Zebaki nyingi ilikuwa kwenye marudio na kwenye tope karibu na mialo. Tukisema samaki wote wana zebaki, tutamfanyia Mama Kamongo kilekile alicholalamikia kwenye namba 9.

#15 Fundi Maabara

Ni kweli, na ni habari njema kwa ziwa, ila haitoshi kwa mto. Zebaki inayomwagwa mwaloni ni ya metali, na samaki haipokei kwa wingi. Hatari inaanza inapofika kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo ndiyo inayopanda kutoka kwa mdudu hadi samaki mdogo, kutoka samaki mdogo hadi mla samaki, ikiongezeka kila hatua, na hiyo ndiyo iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Sasa fikirini ni mahali gani kwenye bonde letu kuna tope lisilo na oksijeni, mimea inayooza na maji yaliyotulia. Ni tindiga lilelile ambalo Mfugaji wa Rorya amelisifu kwamba linachuja maji. Tindiga hukamata uchafu, lakini halijaufuta. Na anayekaa kwenye tope hilo akila samaki wengine ni kambare, ambaye ndiye chakula cha kila siku cha familia za kando ya mto.

Kwa hiyo ningepima kambare wakubwa wa tindigani kwanza, kabla ya sato wa ziwani. Mjamzito ndiye wa kulindwa kuliko wote, kwa sababu sumu hii hufika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni.

#16 Mama Kamongo

Basi iandikwe kwa maneno tunayoweza kuwaambia wanawake kliniki: kambare wa ukubwa gani, wa mahali gani, mara ngapi kwa wiki. Mkituambia "kuna hatari" mkaishia hapo, tutaendelea kula kwa sababu nyama ya ng'ombe hatuiwezi kila siku.

#17 Mzee wa Mwalo

Wanangu, mmewataja ng'ombe, viboko, mgodi na karasha. Mmesahau wavuvi wenyewe. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na wenzetu waliomwaga dawa ya kuulia wadudu wa mashambani ziwani ili wakusanye samaki kwa haraka. Matokeo yake mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, na nchi zote tatu tukakaa na sangara wetu. Viwanda vilisimama, na mvuvi mwaminifu akateseka pamoja na mwizi. Hadi leo ukienda kushtaki kuwa mgodi umeua samaki, ofisa wa kwanza atakuuliza kama si ninyi mliotia sumu. Kama mnataka kuaminiwa, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu kianze kumkamata mvuvi wa sumu na wa kokoro (wavu wa kukokota), na kuandika kwamba kimemkamata.

Na ningu, nawaambia, alianza kupungua kabla ya migodi hii. Tulimziba kwa nyavu kwenye midomo ya mito akiwa na mayai.

#18 Kijana wa Tarime

Shikamoo Mzee. Hilo la sumu nalijua, lakini naona hatari: kila tukikaribia kuliuliza swali gumu, tunarudishwa kwa mnyonge. Mara ng'ombe wa mfugaji, mara mtego wa mvuvi, mara karasha la kijana asiye na ajira. Mwenye mabilioni anabaki mwisho wa orodha.

#19 Mzee wa Mwalo

Marahaba. Sikukurudisha nyuma, mwanangu. Nimekufungia mlango wa nyuma ili ukigonga wa mbele wasikutoroke.

#20 Mlushois

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi wa Kongo tumejifunza kwa uchungu. Mwaka 2021 maji machafu yalivuja kutoka mgodi wa almasi wa Catoca huko Angola, yakavuka mpaka hadi mito ya Tshikapa na Kasai. Mito ilibadilika rangi, samaki wakafa, na Waziri wa Mazingira wa nchi yetu alitangaza kwamba watu 12 walipoteza maisha. Mkondo ulifika kabla ya taarifa. Na Februari 18, 2025, upande wa pili wa mpaka wetu, bwawa la taka za shaba lilipasuka karibu na Chambishi, Zambia. Takriban lita milioni 50 za maji yenye asidi ziliingia kwenye vijito vya Mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Serikali ilitumia hata ndege kumwaga chokaa mtoni ili kupunguza makali ya asidi. Chokaa hutuliza asidi na kuifanya shaba ishuke chini, lakini metali hiyo haiondoki. Inalala kwenye tope ambalo samaki wanatagia.

Ninachowauliza ndugu wa Mara ni hiki: juu yenu kuna Kenya, na chini yenu kuna ziwa la nchi tatu. Nani atampigia nani simu usiku, bwawa likipasuka?

#21 Hesabu Kwanza

Swali la Mlushois ni zito. Kila Septemba 15 Kenya na Tanzania huadhimisha pamoja Siku ya Mara, hotuba zinatolewa na miti inapandwa. Ningependa siku hiyohiyo vikundi vya wavuvi wa pande zote mbili wapeane namba za simu.

#22 Mwanasheria Kijana

Naongeza upande wa sheria, kwa ufupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kuidai haki hiyo. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, zikiwa zinaweza kuharibu mazingira hayo. Kwa hiyo Mchenjuaji anaposema mashimo yako hatua chache kutoka majini, hapo mvuvi hahitaji maabara. Anahitaji kamba ya mita 60, picha na tarehe. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na kuchoma zebaki kwenye jiko la wazi, hasa karibu na makazi, ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka nchi zichukue hatua za kuyakomesha.

Tahadhari: msitaje jina la kampuni au mtu kwenye mitandao kwa jambo msilo na ushahidi nalo. Malalamiko yaandikwe, yapelekwe ofisi ya bonde la maji na NEMC, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki kwenu.

#23 Mchenjuaji Mstaafu

Mita 60 tunazijua. Bila maji hakuna kuosha, ndiyo maana mwalo uko mtoni. Ukiwafukuza vijana bila kuwachimbia kisima na bwawa la kutuamishia maji mbali na mto, watarudi usiku. Palipochimbwa kisima nimeona kijito kikipata nafuu msimu mmoja tu. Na kifaa cha kukamata mvuke wa zebaki kinaweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapahapa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha kwamba zebaki waliyoinasa wanaweza kuitumia tena, yaani ni pesa yao inayoruka.

#24 Mfugaji wa Rorya

Kama mchenjuaji anachimbiwa kisima, basi na sisi tuchimbiwe malambo, na ng'ombe hawatashuka tindigani. Nimekaa kimya nikisoma, na bado sijaridhika na habari ya kinyesi. Ila ng'ombe wetu naye anakunywa maji yale, hivyo vita hii si ya wavuvi peke yao.

#25 Bonde la Juu

Kuhusu kuanza bila fedha nyingi: wadudu wa chini ya mawe wanasema mengi kuliko chupa moja ya maji. Wengine huvumilia uchafu, wengine hutoweka mara tu mto unapochafuka, na hawawezi kukimbia kama samaki. Tanzania ina mfumo wake wa kuupa mto alama kwa kuwatazama wadudu hao, unaoitwa TARISS. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufundishwa kuwatambua wale wakuu. Ukipima juu ya mwalo na chini yake, mwezi hadi mwezi, tofauti ikitokea una ushahidi ambao haukuyeyuka kwa jua. Ila fanyeni kwenye vijito vyenye mawe. Tindigani kipimo hiki hakifai.

#26 Fundi Maabara

Nakubaliana, kwa sharti moja: wadudu watakuambia mto unaumwa, hawatakuambia ugonjwa gani. Tope lililosombwa kutoka mashamba ya juu huwaua pia. Aseniki nayo, ambayo imewahi kupimwa maeneo yale ikiwa nyingi, inaweza kutoka kwenye mwamba wenyewe, na ndiyo sababu kipimo cha kabla ya uchimbaji kingekuwa na thamani kubwa. Bahati mbaya hakirudi.

#27 Mwanamigono

Nawashukuru wote. Jana jioni niliwasomea wenzangu watano machapisho haya kwenye kibanda cha nyavu. Tumenunua daftari moja gumu. Kila anayetoka majini ataandika tarehe, saa, mahali, rangi ya maji, harufu, na aina za samaki alizopata au alizozikuta zimekufa, hata siku ambayo hakuna la ajabu. Mzee wa Mwalo, ukurasa wa kwanza tumeuacha kwa ajili ya wavuvi wa sumu na makokoro, kama ulivyosema.

Tulibishana jambo moja ambalo sikuweza kulijibu. Mmoja wetu anasema tukikuta samaki waliokufa tusiwaguse kabisa, mwingine anasema tuwahifadhi kwenye barafu. Fundi, nani yuko sahihi? Na barafu ya kawaida ya kuwekea sangara inafaa?

#28 Fundi Maabara

Wa pili yuko sahihi, ila chukueni anayekufa, si aliyeoza. Vaeni glavu, msimpasue, mfungeni kwenye mfuko safi peke yake, mwandikeni, ndipo mfuko uwekwe ndani ya barafu. Barafu ya sangara inafaa mradi samaki asigusane nayo. Na mchukue pia samaki mzima mmoja kutoka sehemu ambayo maji hayajabadilika, vinginevyo maabara haitakuwa na cha kulinganisha.

#29 Mama Kamongo

Boksi la barafu ninalo, la lita arobaini, halina kazi siku ambazo si za mnada. Mwanamigono, nitakupa Jumamosi nikipita Kirumi.